Kuiuliza Ardhi Habari Zake

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, kila mmoja wetu alipewa kijishamba nyuma ya mabweni ili apande mboga na ajifunze namna ya kuwafundisha watoto kilimo. Kijishamba changu kilipendeza kwa kutazama. Udongo wake ulikuwa mweusi, hakikuwa na mawe, na bomba la maji lilikuwa karibu. Nikapanda sukuma wiki na maharagwe. Mboga za wenzangu ziliota na kustawi. Zangu zilitoa majani mawili matatu ya njano, kisha zikanyauka. Nikaongeza samadi, nikamwagilia maji asubuhi na jioni, lakini bila faida. Siku moja bawabu mzee wa chuo alisimama kando, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, hapo ulipopanda palikuwa gereji zamani. Matrekta yalimwagiwa oili yao hapo miaka mingi. Mbona hukuuliza?"

Neno hilo la mzee sikulisahau. Nilidhani kwamba ardhi ni kitu cha kutazamwa kwa macho, kumbe ni kitu cha kuulizwa habari zake. Macho yangu yaliona udongo mweusi yakafurahi. Hayakujua kwamba weusi ule haukuwa wa rutuba. Hasara yangu ilikuwa ndogo, mbegu za shilingi chache na jasho la majuma mawili. Lakini wako watu katika dunia hii ambao kwa kutouliza, au kwa kutoulizwa, walipata hasara ya afya zao na za watoto wao. Habari za watu hao, na za sheria iliyotokana na msiba wao, ndizo ninazotaka kuwaeleza wasomaji katika insha hii. Nimechagua habari za viwanja vya ndege vya Marekani, kwa sababu huko ndiko uchunguzi wa ardhi kabla ya kununua ulikofanywa kuwa sheria, na kwa sababu hapana ardhi yenye siri nyingi kama ardhi ya kiwanja cha ndege.

Huenda msomaji akashangaa. Kiwanja cha ndege huonekana safi kuliko mahali pengi. Hakina bomba refu la moshi kama kiwanda, wala takataka za soko. Kuna nyasi zilizokatwa, lami iliyonyoka, na taa zilizopangwa kama shanga. Walakini ndege hupaa, kiwanja hakipai. Kila kinachodondoka kutoka katika ndege hubaki pale pale chini. Mafuta hupitishwa katika mabomba marefu yaliyofukiwa chini ya maegesho, na bomba likitoboka tundu dogo laweza kuvuja miezi mingi kabla ya mtu kutambua. Karakana husafisha vyuma kwa dawa kali za kuondoa grisi. Katika nchi za baridi, ndege hunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka. Askari wa zimamoto nao huwasha moto katika mashimo ya mazoezi na kuuzima kwa povu, juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka. Zaidi ya hayo, viwanja vingi vilikuwa vya jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na jeshi lililo vitani halina nafasi ya kufikiri juu ya maji watakayokunywa wajukuu.

Hebu tutazame mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona. Mji huu umejengwa katika jangwa. Mvua yake ni haba, na kabla ya maji ya mto Colorado kuletwa kwa mfereji mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wake walitegemea visima, yaani maji yaliyohifadhiwa chini ya mchanga tangu enzi na enzi. Wakati wa vita, kwenye kiwanja cha ndege kusini mwa mji, palikuwa na karakana kubwa za kurekebisha ndege za kutupa mabomu. Vita vilipokwisha, kazi za ndege ziliendelea, na mwaka 1951 kiwanda cha makombora kilijengwa jirani na kiwanja hicho. Mji ulifurahi, kwa kuwa maelfu ya watu walipata kazi.

Katika kazi hizo ilitumika dawa moja iitwayo traikloroethilini, ambayo kwa kifupi huitwa TCE. Dawa hii huondoa grisi kwenye chuma upesi na vizuri sana. Ikimwagwa juani, sehemu yake hugeuka mvuke ikatoweka machoni. Basi wafanyakazi waliimwaga katika mashimo na mitaro isiyosakafiwa, jangwani, wakadhani kwamba jua limeimaliza. Lakini dawa hii ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Sehemu isiyogeuka mvuke huzama. Hupita katika mchanga, hushuka taratibu, huyafikia maji ya chini ya ardhi, na hapo husafiri pamoja nayo. Haina haraka. Yaweza kukaa miaka 20 au 30 njiani kabla ya kufika katika kisima cha mtu ambaye hajawahi kuona kiwanja cha ndege ila kwa mbali.

Dalili zilionekana mapema. Katika miaka ya 1950 palipatikana kromiamu katika kisima kimoja karibu na kiwanda, na wakazi wa jirani walilalamika kwamba maji ya visima vyao yananuka. Malalamiko hayo hayakufuatiliwa hadi mwisho wake. Ilipofika mwaka 1981 ndipo maji yalipopimwa sawasawa, na TCE ikaonekana. Mji ukaanza kufunga visima vyake kimoja baada ya kingine. Wataalamu walipochora ramani ya maji yaliyoharibika, walikuta yameenea kama ulimi mrefu chini ya nyumba za watu, kwa urefu wa takriban maili 5. Sehemu ya ardhi iliyohusika ilikuwa ndani ya eneo la Wahindi Wekundu wa kabila la Tohono O'odham, na mitaa iliyokuwa juu ya ulimi huo ilikaliwa hasa na watu wenye asili ya Meksiko, wafanyakazi wa kima cha chini, ambao wengi wao walikuwa wakifanya kazi katika karakana zile zile.

Mwaka 1985 mwandishi Jane Kay alichapisha katika gazeti la Arizona Daily Star mfululizo wa makala juu ya jambo hili. Alitembea mlango hadi mlango akiwauliza watu habari za maradhi yao, akazikusanya pamoja. Kumbe kila nyumba ilikuwa ikijua msiba wake na kudhani ni msiba wa nyumba moja tu. Wakazi wakaungana, wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 kesi ya watu zaidi ya 1,000 ilimalizika kwa makubaliano ya kulipwa dola milioni 84.5. Pesa hizo ni nyingi kwa kutaja. Lakini zikigawanywa kwa idadi ya watu, na zikipimwa kwa mizani ya afya iliyopotea, msomaji ataona kwamba hazikuwa nyingi.

Tukiwa tungali Tucson, yafaa tujiulize swali moja. Nani alipaswa kuuliza? Mtu aliyenunua nyumba katika mitaa ile mwaka 1960 alitazama paa, akatazama kuta, akafungua bomba akaona maji meupe. Hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa futi 100 chini ya kitanda chake. Sheria ya siku hizo haikumtaka muuzaji aseme, wala haikumtaka mnunuzi aulize. Ardhi iliuzwa kama ng'ombe gizani.

Mambo hayo yalibadilika kwa sababu ya msiba mwingine uliotokea upande wa mashariki wa nchi hiyo, katika mji wa Niagara Falls. Hapo palikuwa na handaki refu lililochimbwa katika miaka ya 1890 na mtu aitwaye William Love, aliyetaka kutengeneza mfereji wa kuendeshea mitambo. Shauri lake lilishindikana, handaki likabaki. Tangu mwaka 1942 hadi 1953 kampuni ya Hooker ilitupa humo takataka za kemikali, kiasi cha tani 21,000, kisha ikafukia. Mwaka 1953 iliuza ardhi hiyo kwa halmashauri ya shule ya mji kwa dola 1 tu. Hati ya mauzo ilitaja kwamba kuna kemikali zilizofukiwa, na kwamba kampuni haitashtakiwa kwa madhara yatakayotokea. Juu ya hayo, shule ilijengwa, na nyumba zikajengwa kuizunguka.

Fikirini, vijana, juu ya hati ile. Habari ilikuwa imeandikwa. Haikufichwa katika sanduku la chuma wala haikuandikwa kwa lugha ya kigeni. Walakini baba na mama walionunua nyumba karibu na shule hawakuisoma hati ya shule, wala hapakuwa na mtu aliyepewa wajibu wa kuwasomea. Baada ya mvua nyingi za miaka ya 1970 kemikali zilianza kupanda juu na kuingia katika vyumba vya chini vya nyumba. Mama mmoja, Lois Gibbs, ambaye mtoto wake alisoma katika shule ile, alianza kubisha hodi katika nyumba za jirani akiuliza habari za maradhi, jinsi Jane Kay atakavyofanya Tucson miaka michache baadaye. Mwezi wa Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na mamia ya jamaa wakahamishwa. Mahali hapo palijulikana dunia nzima kwa jina la Love Canal.

Kutokana na msiba huo, tarehe 11 Desemba 1980 Rais Carter alitia sahihi sheria mpya ambayo watu waliizoea kwa jina la Superfund, yaani hazina kuu ya kusafishia ardhi iliyoharibika. Sheria hii ilikuwa kali ajabu. Ilisema kwamba gharama za kusafisha zaweza kudaiwa kwa aliyetupa sumu, na pia kwa mwenye ardhi, hata kama ameinunua jana na hajatupa hata tone moja. Mwenye mali ndiye mwenye mzigo wake. Mwaka 1983 serikali ilitoa orodha ya mahali palipoharibika kuliko kwingine, na kiwanja cha ndege cha Tucson pamoja na majirani zake kilikuwa katika orodha hiyo.

Wanunuzi wa ardhi wakashikwa na hofu. Mtu angeweza kununua shamba kwa dola 100,000 akajikuta anadaiwa mamilioni. Wakalalamika kwamba si haki kumwadhibu asiye na kosa. Mwaka 1986 Bunge la Marekani likairekebisha sheria, likasema maneno ambayo kwangu mimi, mwalimu wa historia, ni ya thamani kubwa. Lilisema kwamba mnunuzi aweza kusamehewa, lakini kwa sharti moja: athibitishe kwamba kabla ya kununua aliuliza habari za ardhi ile kwa kadiri inavyostahili, na baada ya kuuliza hakuwa na sababu ya kujua kuna sumu. Asiyeuliza hana udhuru. Tangu siku hiyo kutojua hakukuwa kinga; kinga ilikuwa kutafuta kujua.

Lakini kuuliza kwa kadiri inavyostahili ni kuuliza namna gani? Mmoja angesema, "Nilimwuliza muuzaji, akaniambia ni safi." Mwaka 1993 shirika la viwango liitwalo ASTM lilitoa utaratibu wa kwanza wa ukaguzi huo. Mwaka 2002 Bunge liliongeza ulinzi kwa mtu anayenunua ardhi akijua ina kasoro, mradi awe na nia ya kuitunza na asizidishe madhara. Kisha serikali ikatunga kanuni kamili zilizoanza kutumika Novemba 2006. Mashirika ya serikali nayo hayakuachwa nje. Idara ya Marekani yenye dhamana ya usafiri wa anga ina amri yake, namba 1050.19, inayoagiza ukaguzi wa mazingira ufanywe kabla ya kuchukua, kukodi au kuacha ardhi, hata kama ni kipande kidogo cha kusimamishia mtambo wa kuongozea ndege.

Sasa nitaeleza jinsi ukaguzi wenyewe unavyofanywa, nanyi mtaona kwamba mkaguzi wa ardhi na mwanahistoria ni ndugu wa tumbo moja.

Kwanza mkaguzi husoma. Hutafuta hati za ardhi, vibali vya ujenzi, barua za serikali, na taarifa za ajali za kumwagika mafuta. Hurudi nyuma mpaka siku ardhi ilipoanza kutumiwa na watu kwa ujenzi au kazi, au angalau mpaka mwaka 1940. Huko Marekani kuna ramani zilizochorwa tangu mwaka 1867 na kampuni ya Sanborn kwa ajili ya bima ya moto. Ramani hizo zilionyesha kila jengo, limejengwa kwa nini, na kama lina tangi la mafuta au stoo ya rangi. Aliyezichora alitaka kujua tu kama nyumba itaungua. Hakujua kwamba miaka 100 baadaye zitamsaidia mtu anayetafuta sumu. Kuna pia picha zilizopigwa kutoka angani tangu miaka ya 1930. Mkaguzi huzipanga kwa mfuatano wa miaka. Katika picha moja aona shamba. Katika ya pili, kibanda. Katika ya tatu, doa jeusi nyuma ya kibanda. Katika ya nne, doa limefunikwa na lami. Aliye juu ya lami leo haoni kitu. Aliye na picha nne anajua pa kuchimba.

Pili mkaguzi hutembea. Hupita katika ardhi nzima, akitazama mahali nyasi zilipokufa, mabomba yanayotoka ardhini bila sababu, mapipa yaliyosahauliwa, na sakafu zenye madoa. Huvuta pumzi, maana pua nayo ni shahidi.

Tatu mkaguzi huzungumza na watu. Hapa ndipo nilipomkumbuka bawabu wa chuo chetu. Kanuni zinamtaka amwulize mwenye ardhi wa sasa, na waliopita, na wanaoitumia, na hata majirani ikiwa ardhi imeachwa. Fundi mstaafu aweza kusema, "Kila Ijumaa tulikuwa tukimwaga ndoo ile nyuma ya banda la tatu." Hapana hati itakayokuwa na neno hilo, kwa maana hapana aliyeandika jambo lililokuwa la kawaida. Mambo ya kawaida hukaa katika vichwa vya wazee, na wazee wakifa huzikwa nayo.

Baada ya hayo mkaguzi huandika taarifa. Asipoona dalili, kazi imekwisha. Akiona dalili, huja hatua ya pili, ya kutoboa ardhi kwa mitambo, kuchukua udongo na maji, na kuvipeleka maabara. Na taarifa yenyewe haidumu milele. Mahojiano, matembezi na upekuzi wa kumbukumbu vikipita siku 180 kabla ya kununua, hapana budi virudiwe, kwa kuwa ardhi haikai bure, na yaliyo kweli mwezi wa Januari yaweza kuwa uongo mwezi wa Agosti.

Je, mambo haya yamefaa kitu? Tuutazame mji wa Denver, katika jimbo la Colorado. Kiwanja chake cha zamani kilifunguliwa mwaka 1929, na mwaka 1944 kikapewa jina la meya aliyekijenga, Benjamin Stapleton. Mji ulikua ukakizunguka, hata kelele na msongamano vikawa havivumiliki. Mwezi wa Februari 1995 kiwanja kipya kilifunguliwa mbali na mji, na kile cha zamani, chenye ekari 4,700, kikabaki kimya. Denver ilitaka kuigeuza ardhi hiyo kuwa mitaa ya nyumba, shule na bustani. Lakini nani angekubali kulea mtoto juu ya miaka 65 ya mafuta ya ndege? Ardhi ikakaguliwa, mahali palipolowa mafuta pakasafishwa, na wajenzi wakakabidhiwa kipande kimoja kimoja kwa muda wa miaka mingi, si yote kwa mkupuo. Zege la njia za kurukia likavunjwavunjwa, takriban tani milioni 6, likatumiwa tena katika ujenzi. Watu wa kwanza walihamia mwaka 2002.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa katika kanuni zozote. Wakazi wapya walianza kuuliza habari za jina la mtaa wao. Wakasoma kumbukumbu wakaona kwamba Meya Stapleton alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, chama kilichowatesa watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Udongo ulikuwa umesafishwa, lakini jina lilikuwa bado na sumu yake. Mwaka 2020 walilibadilisha, mtaa ukaitwa Central Park. Mtu aliyezoea kuuliza habari za ardhi hawezi kukomea kwenye udongo.

Hata hivyo ningekuwa mwalimu mbaya kama ningewaambia kwamba ukaguzi ni dawa ya kila ugonjwa. Una mipaka miwili mikubwa.

Mpaka wa kwanza ni kwamba mkaguzi huona lile tu alilojua kuuliza. Kumbukeni povu la zimamoto nililolitaja. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 viwanja vya ndege vilitumia povu lenye kemikali za jamii ya PFAS, ambazo huzima moto wa mafuta kwa haraka kuliko maji. Povu hilo liliokoa maisha ya wengi, na viwanja vikubwa vya Marekani vililazimishwa kuwa nalo. Wakaguzi wa miaka ya 1990 walipita kando ya mashimo ya mazoezi wakayaona, wakaandika habari za mafuta yaliyochomwa humo. Povu hawakuliandika, kwa maana halikuhesabiwa kuwa sumu. Leo twajua kwamba kemikali hizo haziozi, husafiri katika maji, na hukaa katika damu ya mwanadamu. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliziingiza mbili kati yake, PFOA na PFOS, katika sheria ile ya mwaka 1980. Ardhi nyingi zilizopewa hati ya usafi zikabidi kuulizwa upya.

Watu wa Tucson waliyaonja haya zaidi ya mara moja. Mtambo wa kusafisha maji yao ya TCE ulianza kazi mwaka 1994. Mwaka 2002 ikagunduliwa kemikali nyingine katika maji yale yale, iitwayo 1,4-dioksani, ambayo mtambo ule haukuweza kuiondoa. Mtambo mwingine ukajengwa, ukafunguliwa mwaka 2014. Na mwaka 2021 mji ukausimamisha kwa muda kwa sababu ya PFAS. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu visima vya kwanza kufungwa, na kazi haijaisha. Shimo lililojazwa kwa ndoo ya dakika moja lataka karne nzima kulisafisha.

Mpaka wa pili ni wa haki. Ukaguzi huu ulianzishwa kumlinda mnunuzi na mali yake. Ni jambo jema. Lakini watu waliokunywa maji ya Tucson hawakuwa wakinunua kiwanja cha ndege. Hawakuwa na mwanasheria, wala benki, wala mkaguzi wa kuwafanyia kazi. Mwenye pesa huuliza kabla ya kununua. Maskini hujibiwa baada ya kuugua. Sheria inayomlinda mnunuzi peke yake ni nusu ya sheria. Nusu ya pili ni ile inayomfanya mwenye kiwanja aseme anachofanya wakati anapokifanya, ili jirani asikie mapema.

Nchi yetu ya Kenya imejaribu kuishika nusu hiyo ya pili. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inavitia viwanja vya ndege katika orodha ya kazi ambazo haziwezi kuanza kabla ya athari zake kuchunguzwa, na kanuni za mwaka 2003 zikaeleza ukaguzi wa mara kwa mara wa kazi zinazoendelea. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haikusema kila mwenye ardhi, ilisema kila mtu. Lakini sheria ni jembe. Lisiposhikwa na mkono halilimi. Mkono wenyewe ni watu wanaouliza.

Kwa hiyo nawapa kazi ndogo kabla ya kufunga kitabu hiki. Iulizeni ardhi ya shule yenu habari zake. Palikuwa nini hapo kabla ya madarasa? Maji ya kisima chenu yanatoka upande gani, na upande huo kuna nini? Zisomeni hati zilizopo, itazameni ardhi kwa miguu yenu, kisha mwendeeni mzee wa kijiji kwa adabu, mketi chini, mmwulize. Si kila mtakalosikia litakuwa habari ya sumu. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, ulijengwa kwa mikono ya wafungwa wa miaka ya Hali ya Hatari, na habari hiyo pia imo katika ardhi ile, ingawa hapana maabara inayoweza kuipima.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Nami, nikikumbuka maharagwe yangu ya njano, naongeza kwamba kutouliza kuna bei yake, na mara nyingi anayeilipa bei hiyo si yule aliyenyamaza. Ni mtoto anayekinga kikombe bombani miaka 30 baadaye.